Ng'ombe Asiye na Pembe

Kagugu, Kigali
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Rutayisire,

Nakusalimu kutoka Kagugu, ambako mvua imeanza mapema mwaka huu na mahindi ya majirani yamekwisha kunipita kimo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani na siyo kitandani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka, au uliiweka juu ya kabati pamoja na zile nyingine? Wifi yangu hajambo? Na migomba je, mnyauko umefika upande wako wa bonde au bado unakula ya majirani tu? Mimi ni mzima. Macho yananisumbua jioni, lakini mchana bado nasoma bila kuhamia dirishani.

Anayekuletea barua hii ni Mutsinzi, mtoto wa jirani yangu Harriet, dereva wa lori linalopita Rusumo kwenda Bukoba. Mpe chai, na umwache akae mpaka umalize kusoma, maana nimemwomba arudi na jibu. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Kinyarwanda chetu wewe na mimi ni cha kusemea, na hapa Kigali hata hicho wananicheka nacho. Muuza nyanya wangu ananiita Mtanzania, miaka karibu thelathini tangu nirudi. Mambo mazito tumeyaandika kwa Kiswahili tangu shule, na hili ni zito.

Uliniagiza mambo mawili kabla sijapanda ndege. La kwanza, niutazame kwa macho yangu mji anaoishi binti yako Mukunde, nikueleze ulivyo bila kuupamba. La pili, nikiona haufai, nirudi naye. Posa ya yule kijana ukasema haizungumzwi kwenye simu, na kwamba hutasema ndiyo wala hapana mpaka uwe na barua yangu mkononi. Basi nimerudi, na nimerudi peke yangu. Usiikunje barua hapa. Isome kwa mpangilio nilioiandika, kama ulivyokuwa ukinisomea gazeti la baba, bila kuruka.

Miaka yote niliyofundisha jiografia nililichora bara lile ubaoni kwa chaki, na safu ya Andes nikaichora kama mgongo wa samaki. Medellín, mji wa binti yako, sikuwahi kuiwekea hata nukta. Harriet aliponiletea sanduku la kuazima alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika kizingiti. "Mukecuru," akaniambia, maana hapa bibi kizee ndivyo anavyoitwa, "wewe iko na nguvu ya kwenda mpaka kwa watu ya unga? Utarudi ndani ya sanduku hii hii." Nikamwambia atangulie kunichimbia kaburi, basi. Lakini maneno yake yalikuwa maneno yako, na nilikwenda nayo mpaka huko.

Mji wenyewe umelala katika bonde refu, na milima imeusimamia pande zote mbili. Urefu wake kutoka usawa wa bahari ni karibu sawa na wa Kigali, kwa hiyo hewa ni ileile. Siku ya kwanza nilitoka nje na sweta langu la Kagugu, likanitosha. Nyumba ni za matofali mekundu, na zimepanda milima mpaka pale ambapo mtu angedhani hakuna mahali pa kuweka mguu. Ukisimama chini ukazitazama ni kama unaitazama Gisozi ya hapa Kigali, ila Gisozi mara kumi. Sifa yake mbaya wanaijua wenyewe. Mukunde alinionyesha vilima ambavyo zamani mtu hakupanda bila ruhusa ya wenye bunduki. Nilitaka kumuuliza mengi, nikakumbuka sura za watu wa nje ninapowaambia natoka Kigali. Sisi wa huku tunajua ilivyo kutajiwa mji wako kwa miaka yake mibaya tu, kana kwamba kabla yake na baada yake hapakuwa na mtu aliyepika wala kuoa. Nikaendelea kutazama.

Kuna treni inayopita katikati ya mji, juu ya nguzo, na wanaitunza kama madhabahu. Hakuna anayekula ndani yake, hakuna aliyechora kiti kwa msumari. Mzee wa makamo yangu alinipisha nikae, nikakataa, akakataa kukataa kwangu, mpaka kituo kikapita na sote tumesimama. Mukunde anakaa mtaa unaoitwa Buenos Aires. Ndiyo, jina la mji mkuu wa nchi nyingine kabisa. Mwalimu wa jiografia alicheka peke yake. Treni ndogo ya mtaani inapanda mpaka karibu na mlango wake. Chini ya nyumba yake kuna tanuri la mikate, kwa hiyo asubuhi huhitaji saa ya kukuamsha. Majirani wanamwita Mweusi. Nilipomuuliza kama hilo halimuudhi, alisema huko mwembamba huitwa Mwembamba na mnene huitwa Mnene, na mwenye tanuri, ambaye hana nywele hata moja, huitwa Kipara na anaitika. Sikuridhika sana. Nakuandikia kwa sababu ulisema nisipambe.

Alinitembeza kama mgeni anavyotembezwa. Tulikwenda kwenye uwanja wenye sanamu kubwa za shaba za watu wanene na farasi wanene, mabega kama magunia ya kahawa, na watu wamezishika matumbo wakitafuta bahati mpaka yanang'aa. Nilimwambia Mukunde kwamba ndivyo baba yetu alivyopenda ng'ombe wawe. Tulipanda kilima kimoja katikati ya mji ambako wamejenga kijiji cha maonyesho, kanisa dogo, kinyozi, kisima, vyote kama vilivyokuwa zamani. Watu wa mji wanapeleka watoto wao kuwaonyesha walikotoka. Nilikaa pale kwenye benchi muda mrefu kuliko Mukunde alivyotaka. Niliwaza kilima chetu cha Gisaka tulikozaliwa, ambacho sasa kina shule na watu wasiojua majina yetu, na wala siwalaumu. Nikawaza kama ningependa kukiona kimejengwa upya namna ile, na kibao cha maelezo mlangoni. Nadhani hapana.

Siku nyingine tulikwenda mtaa wa mlimani ambako serikali ya mji imeweka ngazi za umeme nje, kwenye mteremko, kama zile za maduka makubwa, ili mama aliyebeba gesi asipande kwa magoti. Kuta zote zimechorwa rangi. Lakini kuna kitu kimoja nilikikataa. Mitaa ya juu kabisa watu huifikia kwa vibanda vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya, vinapita juu ya mapaa na juu ya mabonde. Mukunde alinibembeleza siku tatu. Nikamwambia nimevuka mto Kagera usiku, mkimbizi wa miaka minane, nimekula kiapo cha kutosafirishwa tena na kitu ambacho sioni kimeshikiliwa na nini. Akacheka, akasema ndege je. Nikasema ndege nilifumba macho.

Sasa chakula, maana najua hapo ndipo utakaposoma kwa makini. Wanakula maharage, Rutayisire. Maharage mekundu, mazito, kila siku, na hawaoni haya kumpa mgeni. Juu ya maharage wanaweka wali, nyama ya kusaga, yai, ndizi mbivu ya kukaanga, nusu ya parachichi, na kipande cha nguruwe ambacho nilimpa Mukunde. Pembeni kuna mkate mdogo wa mahindi usio na chumvi, ambao ladha yake ni ya kuvumilia. Wanapika mahindi meupe yakalainika, wakayala na maziwa baridi. Wanakunywa maji ya moto yaliyoyeyushwa sukari guru, ileile ya matofali tuliyokuwa tukiiba Kayanga. Sokoni niliona ibinyomoro, yale matunda mekundu ya mti tunayokunywa juisi yake hapa na kuwaambia wageni ni ya Rwanda. Muuzaji alishangaa ninavyoyajua. Alisema ni ya milima yao tangu enzi na enzi. Nilijua hivyo vitabuni, kama nilivyojua kwamba mahindi na maharage nayo yalitoka upande ule. Kujua kitabuni ni kitu kimoja, na kusahihishwa na mama wa sokoni aliyeshika kisu ni kingine. Yeye kahawa anadhani ni yao. Mukunde, ambaye kazi yake ni kuonja kahawa na kuamua ipi isafirishwe, alimwambia kwamba hiyo ilitoka kwetu. Hawakukubaliana, lakini tulipewa tunda la nyongeza.

Kijana anaitwa Wilmar. Uliuliza kimo chake. Ni mfupi. Nimekaa naye meza moja, nimetembea naye, na kila mahali ni mfupi. Anatengeneza mashine za kukaangia kahawa, na mikono yake ina makovu ya moto kama ya mpishi. Amejifunza neno moja la kwetu, shangazi, na alilitumia kwa kila jambo. Nikipiga chafya, shangazi. Gari likikaribia, shangazi! Wazazi wake ni wakulima wa maua mahali panapoitwa Santa Elena, juu ya mlima, nje kidogo ya mji. Baba anaitwa Aníbal, mama Rosalba. Mbali na maua wana ng'ombe wachache wa maziwa.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Wazazi hao walituma ujumbe kwamba wamesikia shangazi amefika na wangependa kuja kuomba. Nilifikiri sana. Nikajiambia kuomba si kupewa. Waje waseme, nitawasikiliza kwa heshima, kisha nitawaambia jibu litatoka kwako, Karagwe. Mukunde alifurahi mno, na mimi nikawa mkali. Nilisema kama ni kuomba basi kutakuwa kama kwa wazee wetu, siyo kama harusi za Kigali za siku hizi ambako bwana harusi anakaa mbele amevaa kofia ya Texas. Msichana afungiwe chumbani. Kijana asikae penye maneno kabisa. Wilmar akapelekwa chini kwa Kipara. Mkalimani akawa Silvère, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, anayesomea upadre huko; kijana mtaratibu, anayetamka kila neno kana kwamba lina kengele.

Wakaja. Mzee Aníbal alikuwa amebeba maua mgongoni, kwenye kiti cha mbao chenye mikanda kama mizigo yetu ya zamani, fungu kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mama Rosalba alikuwa na chupa ya pombe yao kali inayonukia bizari tamu. Mzee akasimama, akashika kofia kwa mikono miwili, akasema kwa maneno machache kwamba kijana wake anampenda binti yetu na wao wanamwomba.

Nami nikafanya kama alivyofanya baba yetu walipokuja kunichumbia mimi. Unakumbuka jinsi alivyowasumbua wale wazee wa Nyakahanga, mpaka mmoja wao akajifanya anazimia? Nilisema nimeshangaa kuwaona, kwani binti huyu tulikwisha kumtoa kwa watu wengine zamani. Nikasema tena kwamba ukoo wao tunaujua: babu yao alipita kwetu na kiu, akapewa maziwa, akanywa, akaenda zake bila asante, akaacha hata mlango wazi, na ndama wetu akatoroka. Nikasema watu wanaofuga ng'ombe wasio na pembe, nani atawapa mtoto? Nilikuwa nimechangamka, Rutayisire. Nilijisikia kama baba. Silvère alitafsiri yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya Ijumaa Kuu.

Mzee Aníbal alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenielewa. Akasema yeye hawezi kuchukua mtoto wa mtu kwa nguvu, na kuhusu babu yake anaomba radhi. Akanishukuru kwa kahawa, akavaa kofia, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Maua waliyaacha ukutani.

Mimi nilikaa nikasubiri. Nilidhani wamekwenda kushauriana, kama inavyopaswa, na kwamba watarudi na mzaha wao na chupa ya pili. Nilimwambia hata Silvère kwamba yule mzee anajua kazi, amefanya uso wa huzuni kweli kweli. Chakula kikapoa. Tulikuwa bado tumekaa hivyo, mimi na padre mtarajiwa, pale Wilmar alipopanda ngazi mbio, kuuliza kwa nini mama yake amepanda basi akilia.

Hakuna aliyekuwa amewaambia. Mukunde alidhani Silvère atawaeleza mchezo wetu kabla ya kuanza. Silvère alidhani Mukunde alikwisha kuwaeleza, kwa kuwa ni wakwe zake. Wilmar alijua, na Mukunde alijua, na hao wawili mimi ndiye niliyewaondoa penye maneno kwa kutaka mambo yawe ya kizee.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo limenifanya nikae na kalamu wiki nzima. Mukunde alitoka chumbani amevaa mshanana mweupe wa sherehe, akasimama mbele yangu. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimefanya alichonituma baba.

Naye alidhani ni kweli, Rutayisire. Mtoto aliyekulia nyumbani kwako, anayejua desturi, alisikia maneno yangu kupitia mlango akadhani ni kweli, kwa sababu alikuwa anayangoja. Niliona kwamba kazi uliyonipa ilikuwa imekwisha kufanyika, na hakuna aliyeifanya. Wakwe wamekwenda zao kwa adabu. Hapakuwa na ugomvi. Nilichohitaji ni kunyamaza tu, kukunja kitambaa cha meza, na baada ya siku chache yeye mwenyewe angefunga sanduku. Ungepata binti yako, na hakuna ambaye angekuchukia, wala wewe wala mimi. Nakiri kwako kwamba nililifikiria. Nilikunywa maji glasi nzima nikilifikiria, na yeye amesimama.

Nilijua kwa nini unamtaka arudi. Hukuniambia, lakini nilijua. Baba alikufa akiuelekeza uso wake upande wa Rwanda, na mama baada yake. Mimi nimerudi na naitwa Mtanzania. Wewe umebaki na uraia wako na migomba yako, na bado jirani akikasirika anakuuliza utarudi lini kwenu. Unasema tumetawanyika vya kutosha, na kwamba anayevuka bahari amekwisha kupotea. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Lakini nilimtazama yule mtoto na mshanana wake, katika nyumba yake yenye harufu ya mikate, na nikaona kwamba hakukimbia mtu. Aliondoka kwako mchana, ukamsindikiza, akakuaga, na pasi yake ya kusafiria ipo kwenye droo ya jikoni, anaweza kuitoa siku yoyote. Sisi hatukuaga. Labda ndiyo maana kila anayeondoka tunamlilia kama msiba.

Nikamwambia hapana, mwanangu, nilikuwa nawachezea tu. Hapo ndipo alipolia.

Wilmar alitaka kupiga simu. Mzee hakupokea, na mimi nilisema hata angepokea, mambo haya hayatengenezwi kwenye simu. Ni maneno yako mwenyewe. Usiku mvua ikanyesha, udongo ukaporomoka ukafunga barabara ya Santa Elena, na asubuhi ikawa hakuna njia ya kufika kule ila vile vibanda vya waya. Nilipanda. Silvère alikaa mbele yangu akisali rozari, na sikujua anamwombea nani. Tulipita juu ya mapaa ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mbwa waliolala. Kisha nyumba zikaisha, tukawa juu ya msitu mtupu wenye ukungu, na kibanda kikawa kinatikisika kila kilipopita nguzo. Nilijaribu kufumba macho nikaona ni vibaya zaidi. Nikayafumbua. Ni kitu kizuri, Rutayisire. Sitapanda tena.

Mzee Aníbal tulimkuta zizini anakamua. Hakusimama, kwa sababu ng'ombe hakuwa amemaliza, na hapo nikampenda. Nilimwambia Silvère aseme polepole na bila sauti ya kanisani. Amwambie kwamba kwetu anayetaka kukukataa hukuambia pole, akakupa chai, akakusindikiza. Anayekutukania babu amekwisha kuanza kukupa mtoto. Amwambie kosa ni langu, niliwaondoa waliojua. Mzee akaendelea kukamua kitambo. Kisha akauliza kama ni kweli kuhusu babu yake na maziwa. Nikasema siyo kweli, nilitunga. Akasema kwamba anasikitika kunijulisha, babu yake alikuwa mtu wa namna hiyo hasa.

Mama Rosalba akatoka jikoni kusikiliza. Mzee akauliza angepaswa kujibu nini. Nikamfundisha: ulipaswa kunirudishia. Akafikiri, akaegemea ubavu wa ng'ombe, akasema babu yake aliondoka bila asante kwa sababu maziwa ya kwetu yalikuwa yametiwa maji, na ndama hakutoroka, alikuwa anafuata maziwa ya kweli. Mdogo wangu, nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo. Ungekuwapo ungempa binti hapo hapo, wewe na ukali wako.

Hukuwapo. Nimempa mimi.

Sikusema jibu litatoka Karagwe. Watu wale walikwisha kukataliwa mara moja, wakashuka mlima kwa maua na kupanda kwa machozi. Sikuweza kuwaambia tena wangoje. Nilisema mbele ya mkewe na mbele ya Silvère kwamba mimi Kanyange, kwa jina la mdogo wangu Rutayisire, nimempa kijana wao binti yetu. Maziwa yakaletwa, tukanywa. Hukuniruhusu, na nimefanya. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie mimi, siyo mtoto.

Baadaye alinionyesha banda anakotengeneza vile viti vya maua. Kimoja kilikuwa cha zamani, kimekuwa cheusi kwa jasho. Alisema kabla ya barabara, babu zake walibeba watu kwenye viti kama hivyo, wagonjwa na wazee na watoto, kuwavusha mlima. Nilivaa mikanda yake kidogo kujaribu. Nilikubeba wewe kutoka Gisaka mpaka mtoni, ulikuwa mzito na ulinivuta nywele. Sikumwambia mzee hilo. Nakuambia wewe.

Sasa ng'ombe. Alisema kama desturi yetu ni ng'ombe, basi nichague. Nilikwenda nao mmoja mmoja kama baba alivyotufundisha, nikawashika nundu ambazo hawana, nikawatazama macho na chuchu. Nilichagua jike mwenye mimba, mweusi na madoa meupe, mpole, anayeng'ang'ania kulamba mkono. Hana pembe. Hakuna hata mmoja mwenye pembe kule. Wanawachoma vichipukizi wakiwa wadogo ili wasiumizane. Nilimwambia mzee kwamba baba wa binti ni mtu wa ng'ombe wa pembe ndefu na kwamba hilo litamkera. Akasema amesikia.

Wiki hii Mukunde ameniletea picha kwenye simu, nami nimekwenda kuichapisha. Imo katika bahasha hii. Ng'ombe wako amezaa. Ni ndama jike. Mzee Aníbal nilimweleza kwamba kwetu ndama wa ng'ombe wa mahari baba wa msichana ndiye huwarudishia maharusi wenye nyumba mpya, kwa kinywa chake, na hakuna mwingine awezaye kumtoa, hata dada yake mkubwa mwenye kiherehere. Ameshika maneno hayo kuliko Silvère mwenyewe. Amesema ndama si wake kumwamulia, na hajamgusa.

Lakini vichipukizi vimeanza kuonekana, na vikipita wiki chache ni vigumu kuvichoma. Anataka kujua ndama huyu aachwe na pembe au la. Mimi nimeulizwa, nikasema sijui. Mwenye ng'ombe yuko Karagwe.

Msalimie sana wifi yangu, na mwambie mbegu za maua alizoniagiza zimo pamoja na picha, zimetoka Santa Elena. Wasalimie majirani wanaonikumbuka, na yule asiyenikumbuka pia. Paka dawa. Mutsinzi yuko hapo barazani, chai yake nadhani imekwisha poa. Ukitaka kuandika mengi, andika. Usipotaka, mwambie tu neno moja kuhusu pembe za ndama wako, naye atanifikishia.

Dada yako aliyekubeba,
Kanyange